Barua kwa mwanangu: mwambie mkunga ukweli

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Asalaam alaykum. Sisi hatujambo, Alhamdulillahi. Nimesikia kwa mdogo wako, si kwako, kwamba unavuta sigara na mimba imeingia mwezi wa tano. Tena mkunga wa huko Uingereza alipokupa kimashine upulize, ukasema kifua kinakubana, ukakataa. Hilo la pili ndilo lililoninyima usingizi.

Nikamwendea shangazi yako. Unajua amezalisha nusu ya mtaa huu kabla ya kustaafu. Anasema kimashine hicho hakitafuti mkosa. Kinapima kaboni monoksaidi, hewa ya moshi inayoingia katika damu ikakaa pahala pa oksijeni, basi mtoto humo tumboni anapata pumzi pungufu. Kikionesha 4 au zaidi, mkunga anakupeleka kwa muuguzi anayesaidia watu kuacha. Hata asiyevuta huambiwa apulize. Sasa aibu yako ilikuwa ya nini?

Mwambie ukweli, mwanangu. Mwambie unavuta ngapi kwa siku, na ya kwanza unaiwasha saa ngapi, ukiamka tu au baada ya chai, maana ndivyo wanavyojua kiu imekushika kiasi gani. Mtapanga siku ya kuacha. Huenda akakupa vibandiko vya nikotini au nikotini ya kutafuna; kibandiko unakibandua unapokwenda kulala. Usidhani ni mamoja na sigara: hakina moshi wala ile hewa. Kisha utarudi kwake, utapuliza, na utaiona namba ikishuka kwa macho yako, kwani hewa ile hutoka mwilini kwa siku moja au mbili tangu sigara ya mwisho. Usiniambie maji yameshamwagika. Shangazi yako anasema mwezi wowote ukiacha, mtoto anafaidika. Na mumeo naye aache, moshi wake unamfikia mtoto huyo huyo.

Nikitajiwa jina lako sokoni, shingo hunyooka. Lakini una tabia ya kuficha maradhi mpaka yakuangushe, na sijui umeitoa wapi. Kaka yako alizaliwa mdogo, kichwa kikaenea kiganjani mwangu. Mkunga aliponiuliza natafuna nini, nilimjibu tambuu tupu. Tumbaku ilikuwa nimeifunga kwenye pindo la kanga. Shangazi yako alikuwapo, akanitazama, akanyamaza. Kijaluba changu cha tumbaku nimeshakitoa nyumbani.

Mwambie ukweli.

Karafuu zimezaa mwaka huu. Tangu asubuhi nachambua makonyo, vidole vimekuwa vyeusi na barua hii itakufikia na harufu yake. Paa la jiko linavuja, kaka yako ameahidi bati mara tatu. Aliyekuletea barua nimempa pia kanga mbili kuukuu, zimeshalainika, za kumfungia mtoto. Usizifue kwa dawa kali.

Kliniki yako ni Jumatano. Sitatoka siku hiyo, simu nitakuwa nayo mkononi. Ukishapuliza nipigie, unitajie namba iliyotoka, hata ikiwa kubwa. Sitakugombeza.

Wingu limepanda na karafuu bado zipo jamvini. Nakwenda kuanua.

Mama yako