Vitabu vya manamba wa chai msivichome jamani

Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri, kama sivyo basi mambo. Naandika kuhusu babu yangu mzaa baba, na kuhusu makaratasi.

Babu alikuwa Mbena wa upande wa Kidugala, alifariki mi nikiwa darasa la tatu, na kila tukimuuliza ujanani alifanya kazi gani alikuwa anajibu neno moja tu, "chai", halafu anacheka anahamia kwenye habari za ng'ombe. Sasa mwaka jana tunahamisha vitu vya bibi nikakuta kopo la tumbaku, ndani kuna kipande chake. Wazee wanakijua kipande, ila kwa vijana niseme, ni kadi ya kazi yenye vyumba 30, ukimaliza kazi ya siku nyapara anakuwekea alama chumba kimoja, Jumapili haihesabiwi, ukiumwa haihesabiwi, na hela unaipata kadi ikijaa. Kwa hiyo mwezi wa manamba (vibarua wa mkataba walioitwa kwa namba) unaweza kwenda wiki sita na bado kodi ya serikali inakusubiri nyumbani. Juu ya kadi kuna namba, 412, jina la kwanza, na neno "Mbena". Ukoo hakuna.

Alama ziko 27. Vyumba vitatu vya mwisho vyeupe kabisa.

Hapo ndo usingizi ukakata, maana mtu anatoa jasho siku 27 halafu anaacha tatu, kwa nini? Nikaenda Kidugala, misheni ya Wajerumani ya tangu 1898, kwenye daftari la ubatizo jina lake lipo na pembeni mtu kaandika kwa penseli "Mufindi, chai", mwaka 1938. Nikapanda gari mpaka Mafinga nikampata mzee mmoja (yeye mpaka leo anapaita John's Corner) akanicheka sana nilipomwambia namuona babu na tenga mgongoni anachuma majani. Akasema kijana mwenye nguvu ulikuwa unapewa panga na jembe, unafyeka msitu, unachimba mashimo ya miche, kila mtu na ngwe yake, ukiimaliza mapema unaenda zako kambini, ukishindwa siku hiyo huandikiwi. Yani miaka yote babu yangu nilimtoa kwenye picha ya pakiti ya majani ya chai!

Kuhusu vyumba vitatu, nyumbani tumegawanyika. Shangazi anasema alitoroka. Baba hataki kusikia, anaona aibu, kwa sababu kwa sheria ya 1923 kibarua Mwafrika akitoroka mkataba ilikuwa kosa la jinai, unapelekwa bomani. Mi aibu siioni, ila nina wazo lingine, Septemba 1939 vita ilipoanza Waingereza waliwakamata Wajerumani Tanganyika nzima na mashamba yao yakachukuliwa, na Mufindi Wajerumani wenye chai walikuwepo. Inawezekana bwana ndo aliondoka kabla ya kadi kujaa, na babu akaitunza akingoja kulipwa.

Jibu lingekuwa kwenye kitabu cha mahudhurio cha shamba. Nimeenda, sitaji ni lipi, karani kijana tu na mstaarabu akaniambia vitabu vya zamani walivichoma walipohamisha stoo, vilikuwa vimeliwa na mchwa. Alisema hivyo huku ananimiminia chai! Watu wataniambia nenda Nyaraka za Taifa pale Upanga, sawa, vitabu vya wilaya vipo na habari za kodi na vibarua zimo, lakini jina la kibarua wa namba 412 utalipata wapi kama sio kwenye daftari la nyapara wake?

Kwa hiyo naomba kupitia gazeti lako, wenye mashamba ya chai Mufindi, Rungwe na Usambara, kabla hamjawasha kiberiti pigeni simu kwa watu wa nyaraka waje kuangalia, hata madaftari yaliyoliwa na mchwa yana kurasa za katikati. Na wasomaji wenye wazee waliopita Mufindi, fungueni makopo na masanduku. Walioandikishwa siku moja mara nyingi walipewa namba zinazofuatana, kwa hiyo kama babu yako alikuwa 411 au 413 huenda hao wawili walifahamiana, na ningependa sana kujua kadi yake ina alama ngapi.

Mjukuu wa namba 412,
Makambako