Majani matatu ndani ya kikopo

Shosti wangu,

Mambo? Sisi wazima, mvua tu ndo zinatutesa. Najua saa hizi umeshafungua kile kikopo na unajiuliza huyu mwanamke kanitumia mboga gani yenye manyoya. Si mboga bhana! Ni majani ya ua la vayoleti, ile ya dirishani kwangu uliyoipiga picha mpaka simu ikaisha chaji afu ukanisumbua mwezi mzima nikugawie. Haya umepata, ila usichomeke popote kabla hujamaliza kusoma, maana mwenzio nilishaua mbili.

Ya kwanza niliiua kwa mapenzi. Maji asubuhi maji jioni, udongo mzito wa bustanini, chungu kikubwa eti ijinafasi, na mchana naitoa juani ipate joto. Wiki ya tatu majani yakalegea, nikasema hii ina kiu, nikaongeza maji. Kumbe mizizi ilishaoza zamani hainywi tena, navuta jani moja inakuja yote, shina limekuwa uji.

Kilichonifungua macho ni kujua kwao wapi. Sisi tunaiona ua la kizungu, kumbe mwenyeji wa Usambara hapo Tanga! Enzi za Wajerumani mkuu wa wilaya ya Tanga alikuwa bwana mmoja anaitwa Walter von Saint Paul-Illaire, ndo akaipeleka kwao kwa baba yake, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaipa jina Saintpaulia, kwa heshima ya familia hiyo. Yaani ua limekaa milimani kwetu miaka yote hiyo, jina linachukua DC wa kikoloni, basi tu. Sasa kule msituni nyingi zinajishikiza kwenye miamba, kwenye nyufa zenye takataka kidogo za majani yaliyooza, juu kuna miti mikubwa, kivuli, na hewa ina unyevu muda wote. Udongo wenyewe hata kiganja haujai.

Kwa hiyo sasa hivi kila nikitaka kuifanyia kitu najiuliza, mwambani ingekuwaje? Chungu kidogo, majani yakitanuka sm 21 chungu cha mdomo wa sm 7 kinatosha kabisa. Udongo mwepesi, mimi nachanganya mboji iliyochekechwa, makumbi ya nazi yaliyosagwa na vipande vidogo vya mkaa. Maji gusa kwanza kwa kidole, juu pakikauka weka chungu kwenye sahani yenye maji kinywe kwa chini nusu saa hivi, yanayobaki mwaga, usikiache kinaogelea. Na nakuomba shosti usije ukatumia maji ya friji, yakigusa jani yanaacha madoa ambayo hayatoki tena. Dirisha liwe na mwanga ila jua kali la mchana lisiipige. Ukiona vikonyo vinarefuka na majani yanasimama juu juu, inatafuta mwanga, isogeze.

Haya majani sasa. Kata kikonyo mshazari kwa wembe safi kibaki sm 3, chomeka kwenye mchanganyiko wenye unyevunyevu, afu kata chupa ya maji ufunike juu. Mizizi ni kama mwezi, vitoto kuchungulia pale chini ni miezi miwili au zaidi, na maua subiri karibu mwaka. Usichomoe kuangalia! Mimi nilikuwa nachomoa kila siku mbili, we acha tu.

Ya pili ilikufa na vidung'ata, vile vidudu kama pamba kwenye makwapa ya majani. Nilidhani vumbi. Ukiviona chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti ufute kimoja kimoja, na hiyo chungu itenge na wenzake. Ikishakua utakuwa unatoa majani ya chini yaliyozeeka, mwisho shingo inabaki uchi kama mnazi, hapo ihamishe uizike shingo, itatoa mizizi upya.

Na wewe unavyopenda safari, ukifika hifadhi ya Amani hukohuko Usambara ukaziona mwambani zimechanua zambarau na njano katikati, piga picha uondoke. Using'oe hata moja. Misitu ile imekatwa sana na kuna aina zimebaki sehemu ndogo mno, afu ya kwangu si inatoa majani kila siku, unataka nini tena.

Jani lenye uzi mwekundu ni la ile nyeupe, hayo mawili mengine zambarau, usiyachanganye. Na kikopo nirudishie, ni cha mama.

Wako wa siku zote.