Chaja ya Laptopu Imeingia Maji: Taa Kuwaka Si Kupona

Wateja wengi wanaotuletea chaja iliyoingia maji huja na maelezo yanayofanana: "Niliianika juani, ikakauka, taa inawaka. Naomba muiangalie tu." Tunaipokea na kuipima, lakini kama maji yaliingia ndani ya boksi lenyewe, yaani lile pande la plastiki lililo katikati ya nyaya, ushauri wetu ni mmoja: nunua nyingine. Sababu ni usalama wako, na inafaa uielewe kabla hujatuona wagumu.

Taa ikiwaka inakuambia tu kwamba umeme unafika upande wa pili. Haisemi umepita wapi. Ndani ya boksi lile dogo mna pande mbili. Upande mmoja unapokea umeme wa ukutani, ambao katika nchi nyingi ni kati ya volti 220 na 240, na kwenye kapasita kubwa, yaani kifaa kinachohifadhi umeme, unapanda kupita volti 300. Upande mwingine unatoa takriban volti 19 au 20 za kwenda kwenye kompyuta. Kinachozitenga ni transfoma na uwazi wa milimita chache tu kwenye bodi. Uwazi huo ndio unaokukinga unaposhika laptopu yenye mwili wa chuma huku inachaji.

Maji yakiingia hapo kisha yakakauka, huacha chumvi na uchafu. Kama ilikuwa soda au chai yenye sukari, hubaki utando unaonata, na maji ya bahari ni mabaya kuliko yote. Utando huo ukipata unyevunyevu wa hewa huanza tena kupitisha umeme kidogo kidogo, bodi inaungua taratibu na kuwa mkaa, na mkaa nao unapitisha umeme. Ndiyo maana chaja inaweza kufanya kazi vizuri kwa wiki kadhaa, halafu ikapiga shoti usiku watu wamelala.

Ikimwagikiwa na maji ikiwa bado kwenye soketi, usiikimbilie kuichomoa. Zima umeme kwenye swichi kuu kwanza, hasa kama soketi, plagi au sakafu imelowa. Ikiwa swichi kuu yenyewe iko mahali penye maji, kaa mbali na umwite fundi umeme. Umeme ukishazimwa, chomoa plagi kwa mkono mkavu, kisha uitoe chaja kwenye kompyuta. Kompyuta nayo ikiwa imelowa, izime kabisa na usiiwashe kujaribu.

Mchele hausaidii. Haufyonzi maji yaliyonaswa ndani ya plastiki iliyofungwa, wala hauondoi chumvi. Mashine ya kukaushia nywele inaweza kulainisha plastiki na kuyasukuma maji ndani zaidi. Na tafadhali usiipasue chaja uone kilichomo: ile kapasita inaweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa.

Lakini si kila chaja iliyoguswa na maji ni ya kutupwa. Kama kilicholowa ni waya wa ukutani peke yake, ule unaochomoka kwenye boksi, badilisha huo waya tu, mradi una uhakika tundu la boksi halikupata tone. Ikiwa ni ncha ya kuchomeka kwenye laptopu tu iliyolowa, chomoa chaja ukutani, ifute, iache sehemu yenye hewa siku nzima, kisha itazame kwenye mwanga. Ukiona ukijani au weusi kwenye chuma, usiichomeke, maana itaharibu na tundu la kompyuta. Ukija kwetu, tuambie ni kimiminika gani kilichomwagika na kama chaja ilikuwa kwenye umeme wakati huo. Majibu hayo yanatusaidia kuliko kuitazama kwa nje.

Unaponunua mpya, soma kibandiko cha ile ya zamani penye neno OUTPUT. Volti lazima zilingane. Ampea, yaani kiasi cha mkondo wa umeme ambacho chaja inaweza kutoa, ziwe sawa au zizidi, zisipungue: chaja ya volti 19.5 na ampea 3.33, yaani wati 65, inaweza kubadilishwa na ya volti hizo hizo yenye ampea 4.62. Ncha kuingia vizuri kwenye tundu si ushahidi, kwa sababu ncha zinazofanana hutoa volti tofauti. Kwa chaja za USB-C, angalia wati. Chaja na kompyuta zitapatana zenyewe kuhusu volti.

Ile ya zamani usiiweke kwenye droo, kuna mtu ataikuta na kuichomeka. Ikiwa imechomolewa ukutani, kata waya mwembamba unaokwenda kwenye kompyuta, kisha uipeleke wanakokusanya taka za umeme, au utuletee tuipeleke sisi.