Ile riwaya ya mgahawa wa chai imeniangusha

Ndugu Mhariri,

Salam kutoka Mikindani. Naandika kuhusu ile riwaya ya mapenzi na uchawi mliyoisifia kwenye ukurasa wenu wa vitabu, mkasema ni ya kupumzisha kichwa, mchawi kaacha kazi ya mfalme kaenda kufungua mgahawa wa chai kijijini. Mi nauza chai na vitumbua mwaka wa tisa huu, sa kitabu cha muuza chai naachaje? Mpwa wangu alieko Dar kaninunulia kwenye simu, nkakisoma usiku usiku na kingereza changu cha kidato cha nne, wiki tatu nzima.

Kimeniuma kwa kweli. Mgahawa unafunguliwa mwanzoni kabisa, na ukishafunguliwa ndo basi tena. Maji yanachemka kwa kunyoosha kidole. Vikombe vinajiosha. Hakuna alieamka saa kumi alfajiri kuhangaika na mkaa uliolowa, hakuna anaekopa, tangawizi haitwangwi, na chai yenyewe haina hata harufu, imeandikwa "chai" tu kama mtu anavyoandika "kiti". Mimi saa nne asubuhi vitumbua vikiisha nakaa juu ya ndoo miguu inawaka, kikombe mkononi, hakuna anaeniita, zile dakika kumi ndo nilitaka kitabu kinipe na hakikunipa.

Na mapenzi ndo kabisa. Mlinzi wa mpaka anaingia sura ya pili, sura ya nne washapendana, halafu wananuniana nusu ya kitabu kisa barua ambayo mmoja angeuliza tu "hii ya nani?" yakaisha. Hapa kwangu kuna mvuvi alikuwa anakunywa chai kila akitoka baharini, msimu mzima wa korosho, hasemi zaidi ya shikamoo kwa mama na "dada nipe ya rangi". Siku moja kaja na kipande cha ubao na misumari, kagongea mguu wa benchi uliokuwa unacheza, kalipa chai yake kaondoka. Nilibaki naliangalia lile benchi mpaka chai ikafurika jikoni. Ndo mume wangu huyo.

Na sio kwamba haiwezekani. Kitabu cha Travis Baldree cha 2022, Legends & Lattes, yule mpiganaji Viv anaacha upanga ananunua banda bovu la farasi, anatafuta fundi, anauza kahawa kwa watu wasioijua kabisa, na wewe msomaji uko nae ubao kwa ubao mpaka mapenzi yanakuja taratibu bila kusukumwa.

Hiki chenu mwishoni kimegeuka vita, majoka yanachoma kijiji, mgahawa unaungua ukurasa mmoja na hakuna hata aliyeulizia sufuria zimepona ngapi! Jamani mkisifia kitabu mtuambie na hayo, mtu anajinyima kununua. Na kama kuna mwandishi wa huku kusini anasoma hapa, naomba atuandikie jini aliefungua genge Mikindani, mabibo yananuka njia nzima, anauza ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha na chenji inampiga chenga. Mi nanunua nakala mbili, moja ya mpwa wangu.

Muuza chai,
Mikindani, Mtwara