Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024: Mchanga wa Lango la Bandari Usitupwe Kwenye Maji Marefu

Ndugu wanachama, wazee wetu wa Kunduchi Pwani, manahodha na mabaharia, akina mama wa soko la samaki, mama lishe, wenye vibanda na wenye nyumba za wageni, nawasalimu nyote kwa heshima.

Taarifa ya namna hii huanza na hesabu ya vikao. Mwaka huu naomba nianze na mvinje.

Nauzungumzia mvinje ulio nyuma ya pale tunapopandishia ngalawa kwa matengenezo, ambao wengi wetu tumezaliwa tukaukuta mkubwa. Januari tuliufanya kipimo chetu cha jinsi bahari inavyoula ufukwe. Tulifunga kamba ya katani kwenye shina, tukapiga fundo kwa kila hatua moja ya mtu mzima, na kila bamvua la mwezi mpevu, yaani maji yanapojaa kuliko kawaida, mzee mmoja na kijana mmoja wa kamati waliivuta hadi maji ya kujaa yalipoishia. Januari tulihesabu mafundo tisa. Machi yakawa manane. Kisha ikaja masika iliyofurisha mito yote ya jiji, na mwanzoni mwa Mei kikapita kimbunga Hidaya. Kimbunga chenyewe kiliishia Mafia, lakini mnakumbuka siku ile boti za Zanzibar zilivyosimama na mawimbi yakapiga mpaka chini ya vibanda. Bamvua lililofuata mafundo yalikuwa matano, na mizizi ya upande wa bahari imebaki nje inaning'inia. Desemba, kaskazi ilipotulia, tulipata sita.

Mzee mmoja aliniambia nisihangaike, kwa kuwa bahari hunyang'anya wakati wa upepo wa kusi na kurudisha wakati wa kaskazi. Ni kweli, na nimeliona hilo tangu utoto. Lakini kamba inaonyesha kwamba mwaka huu imenyang'anya mafundo manne na kurudisha moja. Hali hiyo si ya mwaka huu peke yake. Hoteli ya Africana, ambayo vijana wanaijua kama jina la kituo cha daladala, ilishindwa na bahari wengi wao hawajazaliwa.

Sababu tunazijua, na baadhi ziko mikononi mwetu. Ufukwe hula mchanga kila siku kama mtu anavyokula chakula, na chakula cha ufukwe wetu huletwa na mito: Tegeta, Mbezi na vijito vingine vinavyoshuka kutoka vilimani. Mchanga ule ule ndio unaopakiwa malori usiku na kwenda kujengea nyumba. Kila tripu inayotoka mtoni ni mchanga ambao haukufika baharini. Halafu ziko kuta za mawe zilizoingizwa baharini ili kulinda kiwanja cha mtu mmoja. Wakati wa kusi mchanga husafiri kwenda kaskazini, ukikuta ukuta hujikusanya upande wa kusini, na jirani wa upande wa pili anabaki na mawe. Sitataja mtu wala hoteli. Kila aliyekaa hapa kwa miaka kumi anajua ukuta upi ulikula ufukwe wa nani.

Sasa nije kwenye jambo lililotuchukulia muda mwingi kuliko yote, yaani mchanga wa bandarini. Najua wapo wanaouliza Kunduchi na bandari wapi na wapi.

Bandari ya Dar es Salaam imo ndani ya mkono wa bahari unaoingia kupitia mlango mwembamba kati ya Magogoni na Kigamboni. Mito Kizinga na Mzinga humwaga humo. Meli kubwa zinataka kina, na mto hauachi kuleta tope, na bahari nayo haiachi kusukuma mchanga mlangoni. Ndiyo maana bandari haichimbwi mara moja ikaisha. Mradi mkubwa ulioanza mwaka 2017 kwa mkopo wa Benki ya Dunia uliboresha gati namba 1 hadi 7 na kuongeza kina chake kufikia meta 14.5, pamoja na kulichimba lango la kuingilia meli. Kwa nchi ni kazi njema, na kuna wanachama wetu ambao watoto wao wanakula kwa mishahara ya bandari. Lakini kinachochimbwa lazima kiende mahali, na kwa kawaida mahali hapo ni kilindini. Meli ya kunyonya mchanga hujaza tumbo lake, hutoka nje, hufungua milango ya chini, na mzigo unazama. Mchanga ukishamwagwa kwenye maji marefu, mawimbi ya pwani hayaufikii tena, na kwa ufukwe umepotea moja kwa moja.

Tulichelewa. Wakati wa kazi ile kubwa chama chetu kilikuwa kikigombana juu ya nafasi za vibanda, nami nilikuwa mmoja wa wagombanaji. Hatukuuliza hata mara moja kilichochimbwa kinakwenda wapi. Ila bandari itaendelea kuchimbwa ili kina kisipungue, na gati nyingine zitakuja. Huko mbele ndiko tunakotakiwa kuwa tayari.

Naomba niwaeleze zoezi la chupa, kwa sababu waliokuwepo walilipenda na wasiokuwepo walilisikia vibaya. Oktoba wajumbe watano walikwenda na kurudi na mifuko minne: mchanga wa hapa kwetu, mchanga wa Mto Tegeta, mchanga wa upande wa Kigamboni karibu na mlango wa bandari maji yakiwa yamekupwa, na udongo wa huko ndani ya bandari, eneo la Mtoni. Tulifanya kama mafundi ujenzi wafanyavyo kabla ya kununua lori la mchanga. Unachukua chupa ya maji ya plastiki, unajaza theluthi moja, unaongeza maji, unatikisa na kuiweka mezani. Mchanga wetu ulituama kabla ya kumaliza kusema bismillahi, maji yakabaki na ukungu kidogo tu. Wa Tegeta vivyo hivyo, na utando mwembamba wa udongo ukakaa juu yake. Wa mlangoni ulituama haraka, chembe zake zikiwa nyeupe na ndogo kidogo kuliko zetu. Udongo wa Mtoni ulifanya chupa nzima kuwa kama uji wa ulezi, na asubuhi ya pili bado maji yalikuwa meusi. Mama mmoja wa dagaa alifungua kifuniko, akanusa, akakifunga, akasema hicho hakipiti mlangoni kwake.

Yeye ndiye aliyesema jambo lote. Katika bandari moja kuna vitu viwili: tope la ndani linaloweza kubeba mafuta ya meli na uchafu wa mji, na mchanga wa nje unaoletwa na bahari yenyewe. Chupa si maabara. Inayotakiwa ni maabara itakayopima ukubwa wa chembe, mafuta na metali nzito, na vipimo hivyo vifanyike kabla ya mchanga kuguswa. Chembe zikiwa ndogo kuliko za ufukwe unaozipokea, kusi moja tu itazibeba. Kwa hiyo chama hakisemi "leteni kila kinachochimbwa". Tunasema kipimwe, na kilicho safi na chenye chembe zinazofaa kirudishwe pwani badala ya kutupwa.

Wenzetu wanafanya hivyo, tena si mbali. Durban, Afrika Kusini, ina shida inayofanana na yetu. Mchanga wa pwani ile husafiri kutoka kusini kwenda kaskazini, na kuta za mlango wa bandari zimekata njia yake. Wangeacha hivyo, fukwe za jiji zinazoleta watalii zingebaki miamba. Kwa hiyo mchanga unaonasa kusini mwa mlango huchimbwa, na sehemu yake husukumwa kwa mabomba hadi kwenye fukwe za kaskazini. Mamlaka ya bandari inachimba, jiji linasukuma. Nimelipenda hilo la kugawana kazi, kwa sababu hapa kwetu kila ofisi tuliyokwenda ilituambia suala hili ni la ofisi nyingine.

Mfano wa pili ni wa Australia, kwenye mlango wa Mto Tweed, ambako tangu mwaka 2001 pampu zilizowekwa kwenye gati refu hunyonya mchanga upande wa kusini wa mto na kuutema upande wa kaskazini, kwenye fukwe za Gold Coast. Hapo naomba tusikilize kwa makini. Miaka ya mwanzo walileta mchanga mwingi mno. Ufukwe wa Kirra ukawa mpana hadi watu wakachoka kutembea kufika majini, na miamba ya karibu ikafukiwa, samaki wake wakakosa makao. Baadaye ilibidi kupunguza.

Sisi tuna Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini mbele yetu, hifadhi zilizotangazwa tangu mwaka 1975. Tuna nyasi bahari ambako tasi na pweza wanaishi. Mchanga ukimwagwa ovyo, maji yakachafuka wiki nzima, matumbawe yatakosa mwanga na wavuvi wetu watakosa kitoweo kabla hoteli haijapata ufukwe. Manahodha watatu walisimama kwenye kikao cha Agosti kupinga wazo zima kwa sababu hiyo, na walikuwa na haki. Msimamo wa kamati umebadilika kwa ajili yao: mchanga usimwagwe ndani ya maji ya hifadhi, uletwe kwa bomba hadi nchi kavu na kusambazwa na mashine wakati wa maji kupwa, kazi isifanyike msimu wa kasa kutaga pale wanapotaga, na wavuvi wawe na mtu wao wa kuangalia siku zote za kazi, mwenye mamlaka ya kusema simama.

Kuna jambo moja ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Kutoka mlango wa bandari mpaka hapa ni safari ya takriban kilometa 20 kwa bahari, na meli ya kunyonya mchanga hulipwa kwa muda. Mchanga wa kwanza, kama utapatikana, haki yake ni fukwe za karibu: Kigamboni, na ule wa mbele ya Barabara ya Barack Obama ambako ukuta uliojengwa unailinda barabara lakini watoto hawana pa kuchezea maji yakijaa. Wala tusidanganyane kwamba mchanga utakaowekwa kule utatembea wenyewe kuja kwetu. Rasi ya Msasani iko katikati. Hata hivyo naomba tuunge mkono wa kule wapate kwanza. Ikishakuwa kawaida katika mji huu kwamba mchanga safi wa bandari ni mali ya fukwe, siku ya kuomba wetu tutakuwa na mahali pa kuanzia.

Kuhusu barua: tuliandika tatu mwaka huu, na nakala ziko kwa katibu. Moja ilijibiwa kwa heshima, tukaitwa, tukasikilizwa kwa saa nzima, tukaambiwa tuandae maelezo ya kitaalamu. Mbili hazijajibiwa hadi ninapoandika. Kilichotusaidia kikaoni ni kufahamu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, hasa kifungu cha 57 kinachozuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya meta 60 kutoka pwani au ukingo wa mto. Afisa alipoona tunakijua kifungu, mazungumzo yalibadilika. Nawashukuru vijana wawili wa chuo waliotusomea sheria ile jioni nne mfululizo chini ya taa ya sola ya kibanda cha chai.

Kwenye mchanga wa mito hatukufanikiwa. Tulikubaliana kushika zamu na serikali za mitaa dhidi ya malori ya usiku. Zamu zilidumu wiki sita, kisha mjumbe wetu mmoja akatishiwa, nami nikazisimamisha. Ni uamuzi wangu na nauwajibikia. Lakini hatuwezi kudai mchanga wa bandari huku tukiuza wa mtoni, na wapo miongoni mwetu, ninawaheshimu, wanaokodisha malori hayo. Nimezungumza nao mmoja mmoja faraghani. Leo naongea mbele ya wote: tafadhali acheni.

Fedha mtasomewa na mhazini. Ada zimelipwa vizuri kuliko mwaka jana, na matumizi makubwa yalikuwa nauli na kuchapa barua.

Kamati inaomba mkutano huu uamue mambo matatu. Kwanza, mtuidhinishe kuandika rasmi kwa mamlaka ya bandari na kwa baraza la mazingira, kuomba kwamba tathmini ya athari kwa mazingira ya uchimbaji wowote ujao ipime mchanga wa lango na kueleza kwa nini usirudishwe fukweni, endapo hautarudishwa. Pili, mtuchague wavuvi wawili na mama mmoja wa soko wa kwenda kuzungumza na wenzetu wa Kigamboni ili barua iwe ya pande zote mbili. Tatu, mkubali mivinje mingine miwili iwe vipimo, mmoja kila upande wa soko, kwa kuwa kamba moja haiwezi kusimulia ufukwe mzima.

Bamvua lijalo la mwezi mpevu kamba itavutwa kama kawaida. Nahodha aliyepinga kwa sauti kubwa kuliko wote Agosti amekubali kuishika mwisho wake wa baharini, na namwomba mjumbe mmoja kijana asimame naye kwenye mvinje. Majina apewe katibu kabla hatujafungua chakula.