Ghala la babu yako pale Mambrui

Mwanangu Fahima,

Salamu nyingi, huku sote wazima. Ile picha ya ghala la babu yako nimemtuma mtoto wa jirani akapiga, utaiona kwenye simu. Usishtuke. Makuti yameisha, zimebaki fito tupu, na kile kichanja cha kuanikia mbata, zile nazi kavu za kukamuliwa mafuta, kimeliwa na mchwa upande mzima. Kifuo tu, kile kijiti cha kufulia nazi, ndicho kimesimama pale mlangoni, hakitikisiki.

Uliniambia watu wa mashamba wamekuwa wavivu. Siyo, mama. Babu yako aliangua nazi, akazifua, akaanika mbata na kuwauzia wakamuaji mafuta. Yakaja mafuta ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia, rahisi, kila duka unayapata. Hata mimi mapochopocho ya futari nayakaangia hayo hayo. Mbata ikakosa mnunuzi. Tukategemea korosho, na kiwanda cha Kilifi nacho kikafungwa miaka ya 1990. Mwaka 2009 serikali ikapiga marufuku kuuza nje korosho ghafi ili zibanguliwe hapa nchini. Nia nzuri, lakini langoni kwetu alibaki mchuuzi mmoja, na bei anaitaja yeye.

Na minazi yenyewe imezeeka. Yule mdudu chonga anaingia kwenye kilele, kuti likichanua linatoka limekatwa pembe pembe kama kwa mkasi. Ukipanda mnazi wa kienyeji leo, utangoja miaka 6 au 7 ndipo uone nazi. Kijana gani atangoja, na mnunuzi wa kiwanja amesimama na fedha taslimu mkononi?

Wajomba zako wanataka mirathi igawanywe. Ni haki yao, siipingi. Ila shamba lile likikatwa vipande, hakuna kipande kitakacholimika, vyote ni viwanja. Rai yangu kila mtu aandikiwe fungu lake kwa kadhi, shamba libaki moja, tuondoe minazi iliyokufa tupande mingine, na katikati tutie mihogo na kunde. Ghala libomolewe, sina huzuni nalo. Mawe yake yatafaa kujengea kisima.

Mjomba wako mkubwa hukusikiliza wewe kuliko anavyonisikiliza mimi. Mpigie wiki hii, usingoje Idi. Wajomba zako wameshamuuliza mpimaji ardhi bei yake.

Mamako