Tensiona haifungwi kavu

Mhariri,

Kuna kauli iliyoota mizizi kwenye vijiwe vya mafundi hapa Mombasa: gari la belti liogope, gari la cheni lala usingizi. Nimeisikia Likoni, nimeisikia Mwembe Tayari, nimeisikia Kisauni. Kauli hiyo iliua injini ya binamu yangu mwaka jana na nusura iue yangu. Naomba nafasi niipinge.

Marehemu baba aliniachia Mercedes 240D, ile sura ya W123. Ni dizeli ya silinda nne, na cheni yake ya taimingi, ile inayofanya valvu ziende sawa na pistoni kama belti kwenye magari mengine, ina safu mbili, nene kuliko ya pikipiki. Ndiyo maana watu huiamini. Tena Toyota nyingi za dizeli zenye belti huwasha taa kwenye dashibodi kila kilomita 100,000 kumkumbusha mwenye gari, lakini cheni haina taa. Ina sauti tu, na sauti hiyo lazima uijue.

Yangu niliisikia mwezi wa Ramadhani, nilipowasha gari alfajiri baada ya daku. Upande wa mbele wa injini, karibu na rejeta, pakatoka mkwaruzo kama mnyororo wa nanga unaoburutwa juu ya chuma. Sekunde tatu, nne, kisha kimya, na kutwa nzima haikusikika tena. Miaka yangu yote ya kazi niliimaliza kwenye vyumba vya injini vya boti za kuvuta meli Kilindini, kwa hiyo fundi wa mtaani aliponiambia ni uzee tu, nitie oili nzito, nilimshukuru nikaenda zangu. Tensiona, kile kifaa kinachoikaza cheni isilegee, kwenye injini hii husukumwa na presha ya oili. Ikichoka, oili huvuja ndani yake usiku, na asubuhi cheni inapepesuka mpaka presha ipande. Oili nzito huchelewa zaidi kufika. Ni kumpa mgonjwa sumu.

Na si kelele peke yake. Cheni hiyo hiyo huzungusha kemshafti, ile inayofungua valvu, na pampu ya dizeli. Ikirefuka kwa kulika kwenye vipini vyake, dizeli huingia kwa kuchelewa. Nikikumbuka nyuma, mlima wa Kwale ulikuwa umeshanipa habari: ukitoka Kombani, pale nilipozoea kupanda na gia ya tatu, gari lilikuwa linadai ya pili. Na cheni ikilegea hadi kuruka meno, valvu zinakutana na pistoni. Injini hii hugandamiza hewa mara 21. Pale juu hapana nafasi ya kupishana.

Hayo ndiyo yaliyomfika binamu yangu, ambaye gari lake ni kama langu. Alinunua tensiona mpya, akalipeleka gari gereji. Ikatolewa kwenye boksi, ikafungwa kavu vilevile, bila kujazwa oili, kisha gari likapigwa stata. Hedi ilipofunguliwa, valvu tatu zilikuwa zimepinda. Jina la gereji hiyo silitaji. Fundi yule ni kijana mwenye mikono mizuri na hakufanya kwa ubaya. Hakuna aliyewahi kumwambia, na kitabu cha gari kimeandikwa Kiingereza ambacho hata mimi hukisoma na kamusi pembeni.

Basi yangu niliifunga mwenyewe, uani kwangu Mtongwe. Nilimwaga maji ya rejeta, nikafungua nyumba ya thamostati ili niifikie, na tangu tensiona ya zamani ilipotoka sikuruhusu mtu aguse kranki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Ile mpya niliisimamisha ndani ya kopo la oili safi ya injini, pini yake ikielekea chini, oili ikaifunika hadi juu ya shingo. Kitabu kinataka uikandamize taratibu mara saba hadi kumi. Mara ya kwanza ilizama laini kama pampu ya baiskeli iliyotoboka, viputo vikipanda mfululizo. Mara ya nne ikaanza kukataa. Kufikia ya nane nilikuwa nimeilalia kwa uzito wangu wote, nayo inashuka polepole kama akrabu ya saa. Hapo ndipo imejaa. Isipofika hapo, usiifunge.

Baada ya kuifunga niliizungusha injini kwa mkono, soketi ya 27 kwenye boliti ya kranki, kwa mwendo wa saa na kamwe si kinyume, mizunguko miwili kamili, hadi alama ya kemshafti ikarudi mahali pake. Kisha binti yangu akakaa kwenye usukani apige stata na kutazama geji ya presha ya oili, huku mimi nimeshikilia mkono ulioandikwa STOP pale kwenye injini, ili izunguke bila kuwaka. "Baba, geji imenyanyuka!" Nikauachia. Ikawaka, bila mkwaruzo, na geji ikapanda moja kwa moja hadi 3.

Kazi hiyo ilinichukua Jumamosi moja. Binamu yangu bado anapanda matatu.

Mhariri, gazeti lenu lina kurasa za soka, za siasa, za mapenzi na za mapishi. Naomba nusu ukurasa kwa wiki kwa ajili ya ufundi, kwa Kiswahili cha gereji: tensiona, kranki, oili, si msamiati wa kumfukuza fundi. Vijana wanaofungua injini zetu wanajifunza kwa kuchungulia begani kwa mwenzao, na hatua asiyoijua mwenzao nao hawataijua. Haya ya tensiona nimeyaandika kwa mkono, kurasa nne na michoro, kwa ajili ya vijana wa hapa mtaani. Mkizitaka nitavuka feri nizilete mwenyewe.

Mwenye 240D,
Mtongwe, Mombasa